Git Ndani ya Kihariri

Tarehe 1 Aprili 2020, kodi ya ongezeko la thamani nchini Kenya ilishuka kutoka asilimia 16 hadi 14, kuwapunguzia wananchi makali ya korona. Tarehe 1 Januari 2021 ikarudi palepale ilipokuwa. Mnunuzi aliona tarakimu tu ikibadilika kwenye risiti. Lakini kwa anayetengeneza programu za mauzo, huo ulikuwa mtihani: tarakimu ile iliguswa wapi na wapi, na itarudishwaje bila kuvuruga kazi ya miezi tisa iliyofanyika katikati?

Asiyetumia udhibiti wa matoleo hujibu swali hilo kwa kupekua mafaili yenye majina kama "risiti_mwisho" na "risiti_mwisho_kabisa". Wengi siku hizi hutegemea Git, programu iliyoanzishwa na Linus Torvalds, mwasisi wa Linux, Aprili 2005, pale watengenezaji wa Linux walipopoteza ruhusa ya kutumia bila malipo BitKeeper, programu nyingine ya udhibiti wa matoleo. Git huhifadhi kila hatua ya kazi kama komiti, yaani picha ya mradi mzima kwa wakati huo, pamoja na jina la mhusika, saa, na maelezo mafupi ya sababu.

Komiti hufaa kwa kadiri ya usafi wa kilichomo. Hapo ndipo kihariri, yaani programu ya kuandikia msimbo, kinapokuwa na kazi kubwa.

Tuchukue siku ya kawaida. Mtengeneza programu anaketi kubadilisha kiwango cha kodi. Akiwa humo anaona jina la bidhaa limekosewa tahajia, analisahihisha. Kisha anaongeza mstari wa majaribio ili aone jumla kwenye skrini. Kufika jioni, faili moja lina mambo matatu yasiyohusiana. Akihifadhi yote kwa pamoja na kuandika "marekebisho", badiliko la kodi limefunikwa na mengine, na hakuna atakayelipata kwa urahisi.

Kihariri kinachoelewana na Git humzuia asifike huko, kwa sababu humwonyesha mabadiliko palepale anapoandika. Katika Visual Studio Code, kilichotolewa na Microsoft mwaka 2015, mistari mipya huwekewa alama ya kijani pembeni, iliyobadilishwa ya buluu, na pale palipofutwa hutokea pembetatu nyekundu. Anaweza kuchagua mistari ya kodi peke yake na kuiandaa kwa komiti, akaiacha tahajia kwa komiti ya pili, na mstari wa majaribio akaufuta. Amri ya "git add -p" kwenye teminali hufanya kazi hiyohiyo kwa kuuliza kipande baada ya kipande, lakini ndani ya kihariri macho hayabanduki kwenye msimbo.

Wazo hili si geni. Kihariri cha Emacs kilipata moduli ya kukiunganisha na udhibiti wa matoleo mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla Git haijazaliwa. Mwaka 2008 ikaja Magit, nyongeza ya Emacs kwa ajili ya Git, ambayo watumiaji wake huandaa vipande na kuandika komiti kwa kubonyeza herufi mojamoja. Watumiaji wa kihariri cha Vim nao wana Fugitive, programu-jalizi ya Tim Pope.

Faida nyingine huonekana wakati wa kusoma. Kishale kikiwa kwenye mstari wenye 14, amri ya "git blame" inaweza kuonyesha nani aliuandika, lini, na kwa komiti gani. Mgeni katika timu hupata maelezo bila kumsumbua mwenzake aliyekwisha kuhama idara.

Urahisi huu wa kuhifadhi komiti unahitaji uangalifu. Nenosiri lililoingia kwenye komiti kwa bahati mbaya haliondoki kwa kufutwa katika faili, kwani hubaki kwenye historia. Dawa ya kwanza ni kulibadilisha nenosiri lenyewe. Kusoma mabadiliko pembeni mwa mistari kabla ya kuhifadhi huwaokoa wengi na janga hilo.

Turudi Januari 2021. Aliyeitenga komiti ya kodi huitafuta katika historia, hutoa amri ya "git revert", na Git huandika komiti mpya inayorudisha 16. Kama mistari ile haikuguswa tena katikati, kazi nyingine yote hubaki ilivyo. Aliyechanganya mambo akitoa amri hiyohiyo, 16 itarudi, na jina la bidhaa lililokosewa tahajia litarudi nayo kwenye risiti za wateja.