Mwenyeji Naye Awe Mgeni: Matembezi ya Kusini mwa Likoni

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Kila mtu wa pwani hulitamka neno hili, walakini ni wachache waliopata kujiuliza itakuwaje mgeni asipokuja. Jawabu lilionekana mwaka 2020. Mwishoni mwa mwezi wa Machi ndege za abiria zitokazo nchi za nje zilizuiwa kuingia Kenya kwa sababu ya maradhi ya korona, wala hazikuruhusiwa tena mpaka tarehe 1 Agosti. Hoteli nyingi za Diani zikafunga milango, na wapishi, wachonga vinyago na wenye mashua wakakaa bure. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba mwenyeji mwenyewe, akaaye Mombasa, Ukunda au Msambweni, hakuwa na desturi ya kuitembelea nchi yake.

Sababu zake ni nyingi. Wako wadhanio kwamba mahali pa kutembelea pamewekwa kwa ajili ya watu wa ng'ambo tu. Wako waogopao gharama. Na wako wasemao, "Mimi nimezaliwa hapa, niende kutazama nini?" Haya yaandikwayo hapa chini ni kwa ajili ya hao wa mwisho.

Karatasi itokayo kwa ndovu

Mtu akivuka feri ya Likoni asubuhi na mapema, atapata matatu ya kumpandisha mpaka Kwale, mji ulio juu ya vilima vya Shimba, ambako hewa ni baridi kuliko ya pwani. Msitu na mbuga za vilima hivyo zilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Humo yumo palahala, mnyama mwenye pembe ndefu zilizopinda nyuma, na hapana mahali pengine katika Kenya aishipo porini. Kadhalika kuna maporomoko ya maji ya Sheldrick, ambayo huanguka yapata mita 20. Askari wa wanyama huwaongoza watu kwa miguu mpaka chini yake, na raia hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa ng'ambo.

Jirani na hapo ni Mwaluganje. Zamani ndovu walipotoka msitu mmoja kwenda mwingine walipita katika mashamba, wakala mahindi na kuvunja mihogo, na mkulima akaamka asubuhi kukuta kazi ya msimu mzima imekwisha. Mwaka 1995 wenye mashamba, Wadigo na Waduruma, walikubali kuiacha ardhi yao iwe njia ya ndovu, nao wagawiwe fedha za viingilio. Tena wakabuni kazi ya ajabu: kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha ndovu! Msomaji asicheke upesi. Tumbo la ndovu halisagi majani yote, basi nyuzi nyingi hutoka nzima. Nyuzi hizo huoshwa, huchemshwa, hupondwa, kisha hutandazwa juu ya chujio na kuanikwa juani. Karatasi hiyo haina harufu yo yote, na barua yaweza kuandikwa juu yake.

Ngazi za mbega

Akishuka tena barabara kuu na kufika Ukunda, mtembezi ataingia Diani. Watu wengi huenda moja kwa moja ufuoni, nao hupita chini ya jambo la kutazamwa bila ya kuinua macho. Juu ya barabara ya hoteli zimetundikwa ngazi, toka mti wa upande huu mpaka mti wa upande ule. Ngazi hizo ni za wanyama. Mbega, yule kima mweusi mwenye manyoya meupe mabegani, hula majani na kuishi mitini. Msitu wa Diani ulipokatwa vipande kwa majumba na barabara, alilazimika kushuka chini ili avuke, na magari yakamwua. Chama cha kuwahifadhi, kilichoanzishwa mwaka 1997, ndicho kilichotundika ngazi hizo, na sasa tumbili nao huzitumia kama raia wema watumiao daraja. Mtu akisimama kando kwa saa moja atawaona wakivuka, mama amembeba mwanawe kifuani. Asiwape chakula, maana mnyama aliyezoea mkate wa watu huwa mwizi, na mwizi hupigwa mawe.

Diani pia palikuwa na siku za mzaha. Kwa miaka mingi, yapata mwezi wa Juni, vikundi vya watu vilishindana katika michezo ya kuchekesha iliyoitwa Diani Rules, ambayo kicheko kilithaminiwa kuliko kombe. Fedha zilizopatikana zilikwenda kwa hospitali ya macho ya Kwale, iliyoanzishwa mwaka 1993. Kwa hiyo watu walicheza, na vipofu wakapata kuona.

Msitu wenye adabu zake

Kusini kidogo mwa Diani ni Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo, wa hekta 30 tu. Ulitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1992, na mwaka 2008 shirika la UNESCO liliziandika kaya za Wamijikenda katika urithi wa dunia. Mgeni hufungwa kitambaa cheusi kiunoni kabla ya kuingia. Huambiwa asichukue kitu, hata jani lililoanguka; wala haruhusiwi kufanya mapenzi ya hadharani. Kiongozi humwonyesha miti ya dawa, tena humwambia aukumbatie mti mkubwa na kunyamaza kimya. Vijana wengine huona haya kufanya hivyo, lakini wakiisha kuukumbatia hutoka bila ya maneno mengi.

Yafaa kufikiri juu ya msitu huu. Haukulindwa na ukuta wala na bunduki, ila na heshima ya wazee. Viwanja vya ufuoni vimeuzwa pande zote, na kaya imebaki. Kijana asipoingia humo na kufundishwa, heshima hiyo itakufa pamoja na wazee, na shoka halitakawia.

Wanawake wa Gazi

Safari iishie Gazi, katika nchi ya Msambweni, yapata kilomita 50 toka Mombasa. Huko ndiko alikokaa Sheikh Mbaruk bin Rashid wa Wamazrui, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896. Siku hizi Gazi ina sifa nyingine. Wanawake wa kijiji wana njia ya mbao ipitayo katikati ya mikoko, na mgeni hutembea juu ya matope bila ya kuchafua kiatu, huku akifundishwa kutambua mkoko, mchu, mkandaa na mlilana. Akirudi, hupikiwa wali wa nazi na samaki.

Mikoko hiyo ilikatwa sana zamani, na bahari ikaanza kula ufuo. Watu wakapanda upya. Mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vilianza mpango uitwao Mikoko Pamoja. Miti na matope yake huishika hewa ya ukaa, na watu wa mbali hulipa ili mikoko isikatwe. Fedha hizo zimeleta maji na kuisaidia shule, na mwaka 2017 mpango huo ulipewa tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa.

Shauri kwa wasomaji

Mwenye kukusudia matembezi haya asiyafanye yote kwa siku moja. Achague mahali pamoja, avae viatu vya kutembelea, achukue maji, na nguo za heshima ziwe juu yake. Awachukue watoto. Akisikia ngoma ya Sengenya na sauti ya nzumari kijijini, aombe ruhusa, asimame atazame.

Tena alipe kiingilio bila ya kunung'unika. Fedha hiyo ndogo ndiyo impayo mkulima wa Mwaluganje sababu ya kumvumilia ndovu, na mwanamke wa Gazi sababu ya kuulinda mkoko. Mgeni wa ng'ambo huja na kuondoka, na mwaka 2020 umetuonyesha kwamba yaweza kutokea asije kabisa. Mwenyeji yupo siku zote. Basi naye na awe mgeni, ili mwenyeji mwenziwe apone.