Deni lililomfikisha Bombay Busubi

Oktoba 1861 msafara wa Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Grant, ulikwama Busubi, nchi ambayo sehemu zake leo zimo katika wilaya za Biharamulo na Ngara. Mtawala wake, Suwarora, alidai hongo, yaani ushuru wa kupita, kwanza ndipo afungue njia ya Karagwe. Siku zikapita kwenye mabishano ya nguo, shanga na nyaya.

Mimi huyo Speke hanivutii. Niliyeshindwa kumwacha ni mmoja wa wakuu wa msafara wake, Sidi Mubarak Bombay, na hasa simulizi aliyompa bwana wake kuhusu utoto wake.

Alikuwa Myao. Wakati wa njaa, anasema, wafanyabiashara wa pwani walikuja kijijini wakakopesha nguo na shanga. Baadaye, yeye akiwa na umri wa kama miaka 12, walirudi ghafla na watumwa wao, wote wana panga na bunduki. Wakazingira kijiji wakataka walipwe hapo hapo. Kila nyumba ilikuwa na deni, na hapakuwa na wa kulikana. Hapakuwa na wa kulilipa pia. Kupigana na bunduki kungekuwa kujiua, basi wazee wakawapiga chenga wadai huku wakivizia mwanya, kisha kijiji kizima kikatimka porini.

Wengi walikamatwa, naye akiwamo. Walifungwa kwa minyororo na kamba, wakaswagwa hadi Kilwa, wakapakiwa majahazini kwenda Unguja. Mfanyabiashara mmoja akamnunua na kumpeleka India. Bwana huyo alipofariki, Bombay akawa huru, akarejea Unguja na kuingia jeshi la Sultani. Habari za baba yake hakuzisikia tena. Huenda alipigwa risasi akijitetea. Bombay alipendelea kuamini kwamba alitoroka.

Naona ukatili mkubwa zaidi wa kisa hiki upo kwenye ule mkopo wa njaa. Waliokuja kuuzwa walikuwa wamekwisha kushikwa tangu siku waliposhukuru kwa kupata nguo.

Njia ya Busubi ilikuwa pia ya wafanyabiashara wa pwani waliokwenda Kafuro, Karagwe, kutafuta pembe za ndovu na watu. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi huru waliolipwa ujira, lakini wapo waliopita njia hiyo wakiwa mali. Bombay aliwatazamaje? Aliwahi kumuuliza hata mmoja kama amesikia habari za kijiji cha Wayao kilichokimbia deni? Na wenyeji wa Busubi, waliopokea nguo zile zile na shanga zile zile, nao walikopeshwa?