Mchezo Mmoja, Sura Mbili

Mchezo wa vita hauendeshwi kwa vifaru na risasi peke yake. Huendeshwa pia kwa maneno yanayompa mchezaji sababu ya kupigana, na maneno hayo aghalabu hutolewa katika filamu fupi zinazoonyeshwa baina ya pigano moja na jingine. Mchezo unapohamishwa kutoka kompyuta hadi mashine ya kuchezea kwenye televisheni, hatuna budi kuuliza: je, filamu hizo nazo zimehama?

Mfano ulio wazi ni Command & Conquer, mchezo wa mikakati uliotengenezwa na Westwood Studios ya Las Vegas, Marekani, ukatolewa kwa kompyuta mwaka 1995. Ulikuja katika diski mbili: moja ya GDI, jeshi lililo chini ya Umoja wa Mataifa, na nyingine ya Udugu wa Nod, unaoongozwa na Kane. Aliyemwigiza Kane ni Joseph Kucan, ambaye pia ndiye aliyeziongoza filamu hizo. Kane humkazia macho mchezaji kana kwamba wamo chumba kimoja. Leo humsifu, kesho humtisha.

Toleo la PlayStation la mwaka 1997 lilibaki na filamu, maadamu mashine hiyo nayo ilitumia diski. Toleo la Nintendo 64 la mwaka 1999 halikuwa na bahati hiyo. Diski moja hubeba takriban megabaiti 650, ilhali kaseti za Nintendo 64, hata zilizo kubwa kabisa, hazikuzidi megabaiti 64. Ardhi na magari yalipewa umbo jipya la pande tatu, lakini filamu ziliachwa, na mahali pake pakawekwa picha tuli na sauti. Si haki kuwalaumu watengenezaji: ngalawa haibebi shehena ya jahazi.

Hata hivyo, kilichoachwa hakikuwa pambo. Katika kisa hicho, Nod wanaghushi picha ili ulimwengu uamini kwamba GDI wamewaua raia wa Bialystok, nchini Poland. Habari zinatangazwa, na Umoja wa Mataifa unakata fedha za GDI. Filamu inayofichua namna filamu nyingine inavyoghushiwa ni somo zito. Picha tuli yaweza kusimulia kwamba uongo umetokea. Ni vigumu ionyeshe jinsi jicho linavyodanganyika.

Wapo wanaosema kwamba wachezaji wengi huziruka filamu hizo kwa kubonyeza kitufe. Hatukubaliani nao. Mchezo huo ulipotolewa upya mwaka 2020, filamu za zamani hazikutupwa. Zilisafishwa kwa programu ili zionekane vizuri zaidi. Hakuna anayesafisha kitu kisicho na thamani.

Tunatoa wito kwa wazazi, walimu na maofisa wanaoshughulikia utamaduni. Mkiukagua mchezo ambao vijana wanaucheza, msihesabu bunduki tu. Tazameni filamu zilizo baina ya mapigano, tena katika toleo lile lile alilo nalo kijana, kwani jina ni moja lakini yaliyomo huenda si mamoja. Humo ndimo anamofundishwa nani wa kumwamini na kwa nini. Kijana akijua leo kwamba picha huweza kughushiwa, kesho hatakuwa mateka wa kila atakachoonyeshwa.