Setilaiti Zilizonusurika Kuteketezwa

Ikiwa uliwahi kumpigia ndugu yako simu ng'ambo miaka ya nyuma, huenda unakumbuka mlivyokuwa mkikatizana maneno. Sauti ilitoka kituo cha Longonot, kilichofunguliwa mwaka wa 1970, ikapanda hadi setilaiti iliyo umbali wa kilomita 36,000, kisha ikashuka upande wa pili. Ukisema "hujambo", jibu lilichelewa karibu nusu sekunde.

Kampuni ya Motorola ya Marekani ilidhani imepata dawa. Badala ya setilaiti chache za mbali, zirushwe nyingi za karibu, kilomita 780 tu juu yetu, ili hata aliye jangwani au baharini apige simu ya mkono moja kwa moja hadi angani.

Lakini setilaiti ya karibu haitulii juu ya kichwa chako. Huizunguka dunia kwa dakika 100 hivi, nayo hukupita kama matatu iliyojaa. Kabla haijatoweka, ni lazima iikabidhi simu yako kwa nyingine inayofuata nyuma. Ndiyo maana zilihitajika 77, na mradi ukaitwa Iridium, jina la madini yaliyo nambari 77 katika orodha ya elementi. Baadaye ilionekana 66 zingetosha, ila jina likabaki. (Nambari 66 ni disprosi, neno lenye asili ya Kigiriki linalomaanisha "kigumu kupatikana". Nani angenunua simu ya jina hilo?)

Huduma ilianza Novemba 1, 1998. Simu yenyewe, kubwa kama tofali, iligharimu takriban dola 3,000 na haikushika vyema ndani ya nyumba. Wakati huo simu za mkono za kawaida zilikuwa zimeenea katika miji mingi ya ulimwengu kwa bei nafuu zaidi. Kufikia Agosti 1999, kampuni hiyo iliyomeza dola bilioni 5 ilikuwa imefilisika.

Ikapangwa setilaiti zote zishushwe ziungue angani. Zilinusurika chupuchupu: mwishoni mwa 2000 wanunuzi wapya walizichukua kwa dola milioni 25 hivi, na jeshi la Marekani likawa mteja wao mkubwa. Mabaharia na marubani walifuata. Kati ya 2017 na 2019 zilirushwa mpya kuchukua nafasi za zile kuukuu.

Siku hizi ni zamu ya Starlink, iliyofika Kenya mwaka wa 2023 na maelfu ya setilaiti zake. Dishi zake huenda umeziona juu ya paa la jirani. Muulize analipa ngapi kwa mwezi.