NANI ANA MASHABIKI WENGI? MAELEZO JUU YA SIMBA, YANGA NA TIMU ZETU ZA NYUMBANI

Katika mabweni ya shule yetu kuna swali moja ambalo huulizwa kila muhula na halijapata kumalizika: kati ya Simba na Yanga, ni timu ipi yenye mashabiki wengi? Mwenye sauti kubwa ndiye huhesabiwa kuwa ameshinda, na kesho yake swali huanza upya. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, tena mchezaji wa timu ya shule. Sina nia ya kuamua kesi hiyo. Nataka kueleza mambo matatu tu: ushindani wa namna hii ulitoka wapi, mashabiki hupimwaje, na kwa nini jambo hili latuhusu sana sisi tukaao Kigwa.

Mashindano ya pande mbili

Wengi hufikiri kwamba desturi ya watu kugawanyika pande mbili ililetwa na mpira wa miguu. Sivyo. Wasukuma, ambao ni ndugu na jirani zetu wa kaskazini, wana vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu. Vyama hivi vikishindana, kila kimoja hucheza upande wake kwa wakati ule ule, na watazamaji wana hiari ya kwenda watakako. Upande uliovuta watu wengi ndio ulioshinda. Twaona basi kwamba kuhesabu watu ni kipimo cha zamani katika nchi yetu.

Tena wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na baada yake, ngoma ya beni ilienea kutoka pwani hadi bara, na Tabora ilikuwa mmojawapo wa miji iliyoipokea. Beni nayo ilikuwa na pande mbili mashuhuri, Marini na Arinoti. Kila upande ulikuwa na sare zake, wakubwa wake wenye vyeo, na fahari yake. Kwa hiyo mpira ulipoanza kupendwa, ulikuta watu wamekwisha kuzoea kuwa na upande, kuvaa rangi ya upande wao na kumcheka mtu wa upande wa pili.

Timu mbili za mtaa mmoja

Yanga iliundwa Dar es Salaam mwaka 1935. Mwaka uliofuata ikaundwa timu ya pili, ambayo ilipata kuitwa Queens, kisha Eagles, kisha Sunderland, mpaka mwaka 1971 ilipochukua jina la Simba. Timu zote mbili ni za Kariakoo na pande zake. Simba ina nyumba yake Mtaa wa Msimbazi na Yanga ina nyumba yake Jangwani, na mtu aweza kutoka kwa hawa akafika kwa wale kwa miguu bila kuchoka. Kwa asili yao, basi, hizi ni timu za majirani, kama vile timu ya kijiji chetu na timu ya Goweko au Igalula.

Ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1965, bingwa wa kwanza alikuwa Sunderland. Yanga ikajibu kwa kuchukua ubingwa mara tano mfululizo, tangu 1968 hadi 1972. Kila upande una siku yake ya kukumbuka. Yanga walishinda mabao 5 kwa 0 mwaka 1968. Simba wakalipa kwa 6 kwa 0 mwaka 1977, na mwaka 2012 wakashinda tena 5 kwa 0. Mwezi wa Novemba 2023 Yanga wakashinda 5 kwa 1. Ndiyo maana katika bweni mabishano hayaishi, kwa sababu kila mmoja ana ushahidi wake.

Zilifikaje huku?

Kutoka Dar es Salaam mpaka Tabora ni zaidi ya kilomita 800 kwa reli. Zilifikaje basi timu za Kariakoo mpaka Kigwa?

Jibu la kwanza ni njia. Kigwa ipo katika njia ya zamani ya misafara, na Stanley alipita hapa mwaka 1871 akienda Unyanyembe. Kwa njia hiyo pembe zilikwenda pwani, na kutoka pwani zikaja nguo, shanga na lugha ya Kiswahili. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 ilifuata karibu mwelekeo ule ule. Watumishi wa reli, askari, waalimu na makarani waliohamishwa kutoka mji hadi mji walichukua mapenzi yao ya mpira kama walivyochukua masanduku yao.

Jibu la pili ni redio. Mtangazaji alipoeleza mchezo wa Dar es Salaam, mkulima wa tumbaku wa Uyui aliusikia saa ile ile aliyousikia mtu wa Ilala. Aliyajua majina ya wachezaji ambao hakupata kuwaona hata siku moja. Leo televisheni imekamilisha kazi iliyoanzwa na redio, na vile vibanda vya kuonyeshea mpira, ambavyo watu huviita vibanda umiza, vimefika hata vijijini.

Jibu la tatu ni kwamba timu hizi hazina kabila wala dini. Nchini Kenya, AFC Leopards, iliyoanzishwa 1964, imependwa zaidi na Waluhya, na Gor Mahia, iliyoanzishwa 1968, imependwa zaidi na Wajaluo. Kwetu Mnyamwezi, Mhehe na Mmakonde wote waweza kuwa Simba, na katika nyumba moja baba akawa Yanga na mtoto akawa Simba. Jambo hili ni jema, nasi tusilidharau.

Namna ya kupima

Sasa turudi katika swali la bweni. Mashabiki wa timu mbili waweza kulinganishwa kwa vipimo vinne, na kila kipimo chaweza kutoa jibu lake.

Kipimo cha kwanza ni idadi ya vichwa. Uwanja wa Benjamin Mkapa una nafasi za watu 60,000 hivi, na Simba na Yanga wakikutana hujaa. Lakini uwanja uliojaa hautuambii waliobaki nje ni wangapi, wala walio Kigwa, Mwanza na Mtwara.

Kipimo cha pili ni sehemu katika mia. Tuchukue mfano wa hesabu. Kijiji cha kwanza kina watu 400, na timu yake hutazamwa na watu 120. Kijiji cha pili kina watu 3,000, na timu yake hutazamwa na watu 300. Kwa vichwa, kijiji cha pili kimeshinda. Lakini katika kila watu 100, cha kwanza kimetoa 30 na cha pili kimetoa 10 tu. Timu ya kijiji kidogo, basi, yaweza kupendwa kwao mara tatu kuliko timu ya kijiji kikubwa. Kwa kipimo hiki timu ndogo hazina sababu ya kuona haya.

Kipimo cha tatu ni gharama. Shabiki anayelipa kiingilio, anayechanga fedha ya mpira na anayesafiri na timu yake si sawa na shabiki wa maneno. Maneno hayanunui jezi.

Kipimo cha nne ni siku ya kushindwa. Siku ya ushindi kila timu ina watu. Mwenye kutaka kujua wapenzi wa kweli, na awahesabu Jumamosi inayofuata baada ya timu kufungwa.

Mfano wa Tabora

Kwa vipimo hivi na tuutazame mji wetu. Rhino Rangers walicheza Ligi Kuu msimu wa 2013/14, wakashuka msimu ule ule. Mwaka 2023 Tabora ikapata tena timu ya Ligi Kuu, ile iliyopanda kwa jina la Kitayosce kisha ikaitwa Tabora United, nayo ikacheza katika Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi. Simba au Yanga walipokuja, uwanja ulikuwa na wekundu mwingi, au kijani na njano nyingi, kuliko rangi za wenyeji. Mgeni alikuwa kama yuko kwake, na mwenyeji kama mgeni.

Tarehe 7 Novemba 2024 Tabora United waliwafunga Yanga mabao 3 kwa 1, tena huko huko Dar es Salaam. Hapa kijijini nilisikia shangwe kubwa usiku ule. Lakini nilipowasikiliza walioshangilia, nikaona wengi wao ni watu wa Simba. Walifurahi kwa kuwa Yanga wamefungwa. Waliofurahi kwa kuwa Tabora imeshinda walikuwa wachache, na baadhi ya wenyeji walinuna kama waliofiwa. Mwaka 2025 timu ile ikabadilishwa jina ikawa TRA United, na neno Tabora likatoka katika jina lake. Sikusikia bwenini kelele kama zile zinazosikika Simba au Yanga anapomwacha mchezaji mmoja. Wazee husema mcheza kwao hutunzwa. Sisi tumemwacha acheze kwao, na tuzo tukawapelekea wengine.

Wala si lazima iwe hivyo. Tanga ina Coastal Union na African Sports, timu mbili za mji mmoja, na Coastal Union walikuwa mabingwa wa nchi mwaka 1988. Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wa milimani, walikuwa mabingwa mwaka 1986. Lubumbashi ina Mazembe na Lupopo. Liverpool na Everton ni za mji mmoja, na tangu 1892 mpaka 2025 viwanja vyao vilitengwa na bustani moja tu. Katika miji hiyo ushindani ni wa nyumbani, na kiingilio kinachotolewa hubaki nyumbani.

Hasara iko wapi?

Msomaji aweza kuuliza: kuna ubaya gani mtu akipenda timu ya mbali? Hakuna ubaya. Hasara huja pale timu ya karibu inapokosa hata wale wachache iliokuwa nao. Kijijini kwetu mchezo wa jirani ukipangwa siku moja na mchezo wa Dar es Salaam, watazamaji huenda kibandani, na mara nyingine hata wachezaji huenda. Hulipa fedha huko, na timu ya kijiji haina mpira wa pili. Milango ya uwanja ikioza, hakuna wa kuisimamisha, kwa maana uwanja hauna mwenyewe. Mtoto mwenye kipaji hana mahali pa kuonekana. Na hao Simba na Yanga nao, watawapata wapi wachezaji, ikiwa viwanja vya vijijini vitageuka mashamba?

Hasara ya pili ni ugomvi. Simba na Yanga huitwa watani wa jadi, na neno utani tunalijua vizuri sisi Wanyamwezi kuliko wengi. Wapagazi wetu walipokwenda pwani walifanya utani na makabila ya njia ile. Utani una sheria zake: mtani hutukanwa wala hakasiriki, na siku ya msiba mtani ndiye wa kwanza kufika. Kuvunja urafiki au kupigana kwa ajili ya mabao ya Dar es Salaam si utani tena.

Tufanye nini?

Natoa mashauri matatu kwa wanafunzi wenzangu, waalimu na wazazi. Kwanza, wakuu wa michezo wapange michezo yetu na shule na vijiji jirani baada ya kutazama ratiba ya Ligi Kuu, ili mtu asilazimishwe kuchagua. Pili, tuchange kidogo kidogo kila mchezo, na hesabu ya fedha hiyo isomwe mbele ya watu wote, ili mchangaji ajue fedha yake imenunua nini. Tatu, timu ya wasichana ipewe uwanja na watazamaji sawa na ya wavulana. Huko Dar es Salaam, Simba Queens na Yanga Princess wana ushindani wao, na hapa kwetu wako wasichana wenye mbio na shabaha ya kutosha.

Tena natoa kazi kwa wale wapendao kubishana bwenini. Muhula ujao timu yetu ikicheza na jirani, wawili wenu, mmoja wa Simba na mmoja wa Yanga, wasimame na daftari. Wahesabu wa kwetu waliokuja, wahesabu na wa jirani, kisha wagawanye kwa idadi ya kila shule. Wafanye hivyo siku tutakayoshinda na siku tutakayoshindwa. Hesabu hiyo Mhariri aichapishe katika gazeti hili, nasi tutajua ni nani ana mashabiki, sisi au jirani zetu.

Mimi hucheza upande wa kulia. Mkija, nitawaona.