Je, Wajua? Wadudu wa Tanga na Wanaowatazama

Je, wajua kwamba baadhi ya kereng'ende tunaowaona pwani wakati wa vuli huenda wametoka India? Aina yao ni Pantala flavescens, mdudu wa sentimeta 5 hivi. Charles Anderson, mwanabiolojia aliyeishi Maldives, alishangaa kuona makundi yao yakitua kila Oktoba kwenye visiwa visivyo na mito. Akawa anaandika tarehe, mwaka hadi mwaka. Mwaka 2009 akatoa hoja yake: hupeperushwa na upepo kutoka India, hupita Maldives na Shelisheli, na kufika Afrika Mashariki pamoja na mvua. Ugunduzi mkubwa namna hiyo ulianza kwa macho na daftari.

Je, wajua kwamba Afrika Mashariki ina chama cha watazama viumbe chenye zaidi ya karne moja? Kilianzishwa Nairobi mwaka 1909 na leo kinaitwa Nature Kenya. Miongoni mwa wanachama wa mwanzo alikuwa Kasisi K. St. Aubyn Rogers, mmishonari wa Rabai aliyekusanya vipepeo.

Chama hichohicho kilishiriki kuanzisha mradi wa Kipepeo mwaka 1993, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya. Wanakijiji walifuga vipepeo na kuuza pupa Ulaya na Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kazi ya namna hiyo ikaanza Amani, wilayani Muheza, ikisimamiwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania. Mwaka 2016 Serikali ilipozuia kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, wafugaji hao nao walibanwa. Kwa maoni yangu, kipepeo aliyelelewa kwenye kitalu hakustahili kuhesabiwa pamoja na mnyama aliyenaswa porini: mfugaji anahitaji msitu usimame ili apate vipepeo wa mbegu.

Je, wajua kwamba maji moto, wale chungu wakali wa mnazini, ni walinzi wa nazi? Kuna mdudu aitwaye Pseudotheraptus wayi anayefyonza vidaka hadi vikadondoka. Maji moto humfukuza. Nyumba zao za majani hushonwa kwa hariri, na hariri hiyo haitoki kwa wakubwa: vibarua hushika watoto wao mdomoni na kuwapitisha huku na huku kama sindano ya cherehani. Adui yao ni aina ya sisimizi wenye vichwa vikubwa, Pheidole megacephala. Sisimizi hao wakilitawala shamba, vidaka huanza kuanguka. Mkulima anayepulizia dawa bila kuangalia nani yuko mtini anaweza kuua mlinzi wake.

Je, wajua tofauti ya jongoo na tandu? Jongoo ana jozi mbili za miguu kwenye pingili nyingi za mwili wake, tandu ana jozi moja. Jongoo haumi. Tandu anauma.

 



Nawe, ukimwona mdudu usiyemjua Pangani, Mkinga au Amboni, usimkanyage. Mpige picha, ya juu na ya ubavuni, andika kijiji na tarehe, kisha iweke kwenye tovuti ya iNaturalist. Bila mahali na tarehe, picha hiyo haitamfaa mtafiti.