Kitanda cha Nyumba Mpya: Tupime Kwanza, Ndipo Tununue

Mwezi huu katika ukurasa wetu wa familia tunaongea juu ya kitanda. Kuna watakaocheka, lakini nyumba nyingi mpya hapa Nyarugusu deni lao la kwanza linaanzia hapo.

Hata sisi yalitukuta. Kijana wetu alipokaribia kuoa, alijenga chumba kimoja cha matofali ya udongo, futi 9 kwa 8. Akaelewana na fundi amchongee kitanda cha futi 6 kwa 6. Pesa? Alitaka kuuza unga na maharage ya mgao, kingine akope. Tulipomuuliza, akajibu, "Papa, bibi arusi akikuta kitanda kidogo, watu watasema nini?" Mama yake akamwambia, "Mwanangu, hao watu hawatalala humo. Na njaa hawatakusaidia."

Hatukugombana. Tulichukua kamba, tukaingia chumbani, tukachora kitanda chini kwa mkaa. Kumbe! Upande zilibaki futi 3, miguuni futi 2 tu, na mlango ulikuwa unafungukia ndani. Ndoo za maji, sanduku la nguo, na mtoto atakayekuja, vyote vikae wapi? Tukachora cha futi 4 kwa 6. Upande zikabaki futi 5. Kijana akanyamaza, halafu akacheka mwenyewe.

Basi, haya ndiyo tuliyojifunza:

Pima chumba na pima mlango pia. Kitanda kinachofunguliwa vipande kinapita popote, na siku ya kuhama hakikusumbui.

Angalia mbao. Mbao mbichi ni nzito na ina ubaridi mkononi. Ikikauka inapinda, viungo vinalegea, na kila ukigeuka kitanda kinalia. Kikalie, kitikise mbele ya fundi kabla ya kulipa. Chaga zisiachane sana, maana godoro linazama katikati na mgongo unauma.

Godoro lilingane na kitanda. Futi 4 kwa 6 ni futi 4 kwa 6. Likipungua, pembeni panabaki nafasi na mtoto anaweza kunasa hapo.

Fikiria chandarua. Mbu wa malaria wanauma usiku, na wanaoumia zaidi ni mama wajawazito na watoto wa chini ya miaka 5. Chandarua chenye dawa lazima kitoshe kitanda chote na kuchomekwa chini ya godoro pande zote. Kitanda kikiwa kipana kuliko chandarua, umenunua ugonjwa. Funga kamba zake kwenye miti ya paa, au mwambie fundi aweke nguzo nne.

Cha mkononi si kibaya, ila wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kifungue chote, kichunguze kwenye nyufa na matundu ya misumari. Ukiona vidoadoa vyeusi, bora ukiache. Hata usipoona kitu, kimwagie maji ya moto kwenye viungo na kikauke vizuri juani kabla hakijaingia ndani.

Na kama pesa haijafika kwa kitanda? Tandika mkeka juu ya mianzi au mbao zilizoinuliwa kidogo, ili unyevu wa udongo usikupande wakati wa masika. Chandarua kifungwe hata hapo. Hiyo si aibu.

Kijana wetu alilipa cha futi 4 kwa pesa yake, mgao ukabaki nyumbani. Bibi arusi alipoingia hakuuliza ukubwa. Aliuliza, "Na deni tunalo?" Akaambiwa hapana. Akatandika shuka.

Vijana mnaojiandaa, zungumzeni na mwenzako kabla ya kwenda kwa fundi. Tunawatakia usingizi mwema.